Nusu ya Inchi

Kila tairi la gari huchapwa ubavuni mwake hati fupi ya tarakimu, na miongoni mwa tarakimu hizo iko moja ielezayo kipenyo cha rimu ambayo tairi lile liliumbwa kwa ajili yake, wala si kwa ajili ya nyingine yoyote. Tarakimu hiyo haina mapambo, aghalabu hufunikwa na vumbi na matope, na mnunuzi aliyeshughulika na bei hana habari nayo. Lakini mimi, niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu katika karakana za matairi, Tanga kwanza na Maskati baadaye, nimeijua kuwa ni hukumu isiyo na rufaa. Nimewaona watu wenye akili timamu na mikono hodari wakiidharau na kuliamini jicho lao, na nimeuona msiba uliozaliwa na dharau hiyo. Na kwa kuwa karakana za siku hizi zimejaa vijana wenye bidii ambao hawakupata mtu wa kuwasomesha habari hii kwa utaratibu, naona ni wajibu wangu kuieleza kama nilivyoipokea.

Niliingia katika kazi hii mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru wake, nilipopokewa na mjomba wangu katika karakana yake ndogo iliyokuwa kando ya barabara itokayo Tanga mjini kwenda Muheza. Mkonge ndio uliokuwa riziki ya mkoa ule siku hizo, na malori ya Bedford na Leyland yaliyobeba marobota ya singa kwenda bandarini yalipita mlangoni petu mchana na usiku, matairi yake yakitobolewa na miiba na kukatwa na mawe ya njia za mashamba. Pamoja nayo zilikuja Land Rover za mabwana shamba, Volkswagen za walimu na makarani, Morris za wafanyabiashara, na mabasi ya Korogwe na Lushoto. Na kila jamii ya gari ilikuja na kipimo chake: Land Rover fupi 6.00-16, ile ndefu 7.50-16, Volkswagen 5.60-15, Morris Minor 5.00-14, malori 8.25-20 na 9.00-20. Mjomba alikuwa ameviandika vipimo hivyo vyote kwa lami juu ya ukuta uliopakwa chokaa, na kwa muda mrefu wa mwanzo wa uanagenzi wangu sikuruhusiwa kugusa mtaimbo. Kazi yangu ilikuwa kupangusa ubavu wa kila tairi lililoletwa, kuisoma hati yake kwa sauti, kisha kupangusa rimu na kuusoma mhuri uliogongwa katika chuma, kisha kuutazama ukuta.

“Soma tena, mwanangu,” alikuwa akiniambia hata pale niliposoma sawasawa. “Tairi na rimu havijuani. Wewe ndiye mshenga.”

Sababu ya ukali wake ilinidhihirikia siku alipolichukua tairi lililokwisha kazi, akaukata mdomo wake kwa msumeno wa chuma, akanionyesha kilichomo. Mtu asiyefunuliwa siri hiyo hudhani kwamba tairi, maadamu ni mpira, hutanuka na kusinyaa, na kwamba kama halikukaa vema leo litakaa kesho likisha pata joto la barabara. Nilichokiona ndani ya mdomo ule ni bunda la nyaya za chuma zilizozungushwa pamoja zikafanya duara kamili, gumu, lisilotanuka kwa nguvu za mtu wala kwa joto la jua. Mpira unapinda, kitambaa cha ndani kinapinda, lakini duara lile la chuma lina mzingo mmoja tu tangu siku lilipotengenezwa mpaka siku litakapotupwa.

Maarifa hayo yana historia ambayo ni haki kila fundi aijue. Tairi la upepo alilolipatia hataza John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Kiskoti aliyekaa Belfast, mwaka 1888, lilishikamanishwa na rimu kwa gundi na kitambaa, hata mwenye baiskeli aliyetobolewa na mwiba alikuwa na kazi kubwa ya kulibandua na kazi kubwa zaidi ya kungoja likauke baada ya kulibandika. Miaka miwili baadaye, mwaka 1890, Mwingereza Charles Kingston Welch alileta shauri ambalo ulimwengu haujaliacha hata leo: katika kila mdomo wa tairi alitia waya usiotanuka, na katikati ya rimu akafanya mfereji. Upande mmoja wa mdomo ukishushwa katika mfereji huo, upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka ukingo wa rimu. Na tairi likisha kuingia, upepo huisukuma midomo yote miwili kutoka katika mfereji, ikapanda mteremko mdogo mpaka kwenye vikao vyake vya pembeni, ambapo waya hukaza na kutulia. Kila aliyewahi kuketi karibu na karakana ya matairi ameisikia milio miwili mikavu, mmoja baada ya mwingine, midomo inapoketi. Basi kinacholishika tairi juu ya rimu si gundi, wala si msumari, wala si uzito wa gari. Ni muwafaka wa mizingo miwili, mzingo wa waya na mzingo wa kikao, na muwafaka huo ukikosekana hakuna kitu kingine cha kushika nafasi yake.

Jaribio la kwanza la elimu hii nililoliona likimshinda mtu mzima lilihusu Peugeot 203 ya mfanyabiashara mmoja wa Pangani. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa, ndiyo iliyolipatia hataza tairi la radiali mwaka 1946 na kuanza kuliuza mwaka 1949, ilikuwa na desturi ya kuvieleza vipimo vya matairi yake kwa milimita, ilhali Waingereza na Wamarekani walieleza kwa inchi; hivyo katika karakana yetu ziliingia hati za namna mbili, na fundi alilazimika kujua tafsiri. Tairi lililoandikwa 330 lilikuwa la rimu ya inchi 13, la 355 lilikuwa la inchi 14, na la 380, ambalo ndilo la Peugeot 404 iliyokuja kushinda mbio za Safari mara nne katika miaka ile ya sitini, lilikuwa la inchi 15. Tafauti baina ya vipimo hivyo vya Kifaransa na vya Kiingereza haikuzidi milimita moja, na matairi yalikubali. Mtu anayefanya kiyasi, akiona 330 ni 13, na 355 ni 14, na 380 ni 15, hana budi kusema kuwa 400 ni 16. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana inchi 16 ni milimita 406.4, na rimu ya 400 haina mwenzake hata mmoja katika vipimo vya inchi.

Bwana yule wa Pangani, ambaye rimu za Peugeot yake zilikuwa za 400, alikuwa ameuziwa mahali pengine matairi mawili ya inchi 16, mapya, mazuri, ambayo upana wake kwa macho ulikuwa sawa na ya zamani. Mjomba aliyatazama, akautazama mhuri wa rimu, akasema kwa upole kwamba hataweza kuyafunga. Bwana yule alistaajabu, akaliinua tairi moja na kuliweka juu ya rimu tupu iliyolala sakafuni, na kwa kweli likazama ndani bila ya mtaimbo.

“Mbona linaingia, fundi? Tena kwa urahisi.”

“Urahisi huo ndio unaonitisha, bwana,” mjomba alijibu. Akatwaa utepe wa kupimia, akamzungushia rimu, akamzungushia na mdomo wa tairi, naye mwenyewe akaisoma tafauti ya mzingo ambayo ilikuwa takriban sentimita mbili. Milimita sita za kipenyo, ambazo jicho halizioni, zikizungushwa huwa ni sentimita mbili za uwazi ambazo hata mtoto anaweza kuziona. Tairi la namna hiyo linaweza kutiwa upepo, na linaweza kusimama, na pengine kwenda mbali likichukua gari kwa utulivu. Lakini siku dereva atakapolazimika kukata kona kwa ghafula, au upepo utakapopungua kidogo kwa msumari, mdomo ule usiokaza utateleza ukaanguka katika mfereji, na gari litakuwa linakwenda juu ya chuma. Bwana yule alikasirika, akasema kuwa fundi mwingine atamfungia. Mjomba hakubishana naye. Alimpa kiti, akamwagizia kahawa, akamtafutia kwa simu matairi ya 155-400 mjini Dar es Salaam, na gari likalala kwetu mpaka yalipofika kwa basi. Watu wengi husema kwamba fundi hodari ni yule asiyeshindwa na kazi. Mimi nilifundishwa na mjomba kumheshimu zaidi yule anayejua kazi ya kuikataa, na mpaka leo sijaona sababu ya kuibadili heshima hiyo.

Kwa upande wa malori hadhari ilikuwa nyingine. Rimu zao hazikuwa na mfereji. Zilikuwa bapa, na tairi lilizuiwa kutoka kwa pete ya chuma ambayo fundi huipachika baada ya tairi kuingia, nayo mafundi wote huiita ringi. Tairi la 9.00-20 lina kimo kinachokaribia inchi 40, na ubavu wake mmoja, ukitoa duara la rimu, una eneo la zaidi ya inchi za mraba 900. Likitiwa upepo wa paundi 90 kwa kila inchi ya mraba, nguvu inayousukuma ubavu huo kwenda nje inapita tani 35, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inazuiwa na ringi peke yake. Ringi ya kiwanda kimoja hufanana na ya kiwanda kingine kama ndugu wa tumbo moja, lakini mkato wa mfuo wake si ule ule, na ringi iliyoketi nusu hungoja mpaka upepo ujae ndipo iruke. Kwa ajili hiyo mjomba aliifunga kila ringi kwa waya na rimu yake tangu inapotoka mpaka inaporudi ili zisichanganyike, alilizungushia gurudumu mnyororo kabla ya kulitia upepo, akaligeuza uso wa ringi kuelekea chini, na hakumruhusu mtu yeyote, awe mwanagenzi au mwenye lori, kusimama mkabala nalo. Wenye haraka walimwona mtu wa madaha. Wala sikumsikia akijitetea.

Katikati ya miaka ya sabini nilivuka bahari kwenda Oman, kama walivyofanya wengi wa watu wa pwani na visiwani waliokuwa na jamaa huko, baada ya Sultan Qaboos kutawala mwaka 1970 na nchi kufunguka. Nchi iliyokuwa na kilomita chache tu za lami ilikuwa ikijengwa barabara usiku na mchana, magari yalimiminika bandarini Matrah kutoka pande zote za dunia, na mafundi walitakiwa. Kiswahili kilisikika katika karakana za Ruwi kama kilivyosikika Ng'ambo ya Unguja. Huko nilikutana na kipimo ambacho hakikuwamo katika ukuta wa mjomba. Malori madogo ya Kimarekani, yale yenye nguvu ya kuchukua mzigo wa jangwani, mengine yalikuja na rimu za inchi 16, na mengine, yanayofanana nayo kwa kila hali, yalikuja na rimu za inchi 16.5.

Nusu ya inchi ni milimita 12.7. Vikao vya rimu ya 16 vina mteremko wa digrii 5, na vya rimu ya 16.5, iliyobuniwa kwa matairi yasiyo na tyubu, vina mteremko wa digrii 15 na kingo fupi zaidi. Na ufupi huo wa kingo ndio uletao maafa, kwa sababu tairi la 16, ambalo kwa haki lisingeweza kuingia katika rimu kubwa kuliko mdomo wake, hupita juu ya ukingo mfupi likaingia. Ndani halikai. Mdomo wake hauwezi kukipanda kikao, kwa kuwa waya wake ni mdogo kuliko kikao, na waya hautanuki. Fundi asiyesoma hudhani kuwa tairi ni kavu, hupaka sabuni, halikai, huongeza upepo, halikai, huongeza tena. Nasaha ya watengenezaji wa matairi kwa magari madogo ni kwamba mdomo usioketi kwa paundi 40 usiongezwe upepo hata chembe, bali upepo utolewe na sababu itafutwe, na nasaha hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kujaza karatasi.

Katika karakana moja ya mji ule, ambayo sitaitaja, kijana mmoja mwenye bidii aliongeza upepo mara moja zaidi. Waya ulikatika. Tairi na rimu viliruka kwa pamoja, naye alikuwa ameinama juu yake akiusikiliza mlio ambao usingetokea kamwe. Tulikuwa majirani wa kazi, tukakimbilia huko kwa mshindo tulioudhania kuwa ni wa mtungi wa gesi, tukamkuta amekwisha fariki dunia. Baada ya maziko niliomba nionyeshwe vile vitu viwili. Waya wa mdomo ulikuwa umekatika mahali pamoja, mkato safi. Ubavuni mwa tairi tarakimu ya 16 ilisomeka wazi, wala haikuwa na vumbi. Na rimu, nilipoipangusa kwa kitambaa, ilikuwa na mhuri wa 16.5. Vyote viwili vilikuwa vimesema kweli, na kulisoma neno hilo kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Sijapata kuliona jambo lililonihuzunisha kuliko hilo katika kazi yangu, kwa kuwa marehemu hakuwa mzembe. Alikuwa mtu aliyefundishwa kuwa tairi linaloshindana nawe lishindwe kwa nguvu.

Tangu hapo nilishika kaida ambayo niliwafundisha wote waliofanya kazi chini yangu: kila tairi linalotaka nguvu zaidi ya zile zilizozoeleka, na kila tairi linaloingia kwa wepesi zaidi ya uliozoeleka, kazi isimame na hati zisomwe upya, ijapokuwa mwenye gari anapiga honi nje. Tulijengewa pia kizimba cha mabomba ya chuma cha kuwekea magurudumu ya malori wakati wa kujaza upepo, na mpira wa upepo ukarefushwa ili mjazaji asimame mbali. Huko Marekani serikali iliyaamuru mambo hayo kwa sheria mwaka 1980 kwa rimu za vipande na mwaka 1984 kwa rimu za kipande kimoja. Kwetu hayakuwa sheria ya mtu, na nawaambia wenye karakana wa leo wasiingoje sheria.

Nimerudi Tanga, na karakana ni ya wanangu. Hatari ya zamani imepungua, kwa maana rimu za ringi zinatoweka na malori mengi sasa huenda kwa matairi ya 22.5 yasiyo na tyubu. Lakini magari madogo yaliyotumika Japani yameleta mazoea mapya, nayo ni kubadili rimu kwa ajili ya uzuri. Siwalaumu vijana kwa kupenda uzuri. Nataka tu wajue kuwa kipenyo ni mlango wa kwanza, na nyuma yake iko milango mingine.

Juzi alikuja dereva kijana wa Toyota Wish, achukuaye abiria baina ya Tanga na Handeni, na rimu nne za inchi 17 alizozinunua pamoja na matairi yake ya 225/45 R17, akitaka zikae badala ya 195/65 R15 zilizokuja na gari. Alikuwa amesoma, na hilo lilinifurahisha sana: alijua kuwa 225 ni upana kwa milimita, na kuwa 45 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na alikuwa amekwisha piga hesabu kuwa kimo kizima cha gurudumu jipya ni milimita 634, sawasawa na cha la zamani, hivyo saa ya mwendo haitadanganya. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Rimu nazo zilikuwa na upana wa inchi 7.5, na tairi la 225/45 linakubali rimu ya inchi 7 mpaka 8.5, hapo pia alikuwa salama.

“Basi mzee, kimebaki nini?” aliuliza.

“Matundu ya nati, mwanangu,” nilimwambia, na mwanangu mkubwa akamletea kipimo. Wish ile ina nati tano zilizopangwa katika duara la milimita 100. Rimu zake mpya zilitobolewa kwa duara la milimita 114.3. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia kuwa tano ni tano, na kwamba nati zikikazwa kwa zamu zitajivuta zenyewe. Zingeweza kujivuta, kwa kupinda. Na bolti iliyopinda huvunjika mbali na nyumbani, gari likiwa na watu. Tukampimia na kimo cha ubavu, ambacho katika tairi la 15 ni milimita 127 na katika lile la 17 ni 101, tukamwonyesha rimu za wateja wengine zilizopindwa na mashimo ya barabara kwa upungufu kama huo wa mpira. Alifikiri kwa muda, akauliza bei ya matairi mapya ya 195/65 R15 yenye namba 91, ambayo kila moja huchukua kilo 615, akalipa nusu na kuahidi nusu mwisho wa mwezi. Mwanangu akamwandikia 5x100 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa gari, palipobandikwa karatasi ya upepo, ili safari nyingine asimtegemee muuzaji. Na zile rimu za 17 alikwenda kuzirudisha jioni ile ile, akiwa na mwanangu mdogo, maana muuzaji wa namna ile hasikilizi mtu mmoja.